Samaki ampishe mtoto

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Ujiji. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Mara ya kwanza alikula dagaa wa kukaanga akasema mdomo unawasha, tukadhani pilipili. Mara ya pili midomo ilivimba, mwili ukatoka mabaka, akatapika. Wiki iliyopita hakula kabisa. Alikuwa amekaa karibu na jiko bibi yake akikaanga dagaa, akaanza kukohoa na macho yakavimba. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa Kibirizi, magunia mengine tunayaweka humu ndani. Mama mkwe anasema nimpe kidogo kidogo kila siku, atazoea. Mimi naogopa. Je, nyumba nzima tuache samaki? Nimpikie chake peke yake? Na mdogo wake wa miezi saba nimnyime? Sisi tunakula sinia moja, sijui nianzie wapi.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Umeeleza vizuri mno. Kwa ugonjwa huu maelezo ya mama ni nusu ya kipimo, na wewe umetoa yale yote ambayo daktari angekuuliza.

Kabla sijaenda mbali: kuanzia leo asipewe samaki yeyote, awe dagaa, migebuka, kuhe, sangala au ngege, na asilambishwe hata mchuzi wake, mpaka aonwe na daktari. Wala asijaribiwe nyumbani "ili tuhakikishe". Mara ya kwanza uliguswa mdomo, mara ya pili ngozi na tumbo, mara ya tatu kifua. Mzio haupandi ngazi kwa mpangilio, unaweza kuwa mdogo leo na mkubwa kesho, au kinyume chake. Ila kifua kikishaanza kulalamika, mimi sisubiri mara ya nne.

Huenda mtu atakuambia ni dagaa walioharibika tu. Ni hoja ya kusikilizwa, kwa sababu jambo hilo lipo. Samaki akikaa kwenye joto kabla hajakauka, hasa siku za mvua ambapo dagaa wanalala kwenye mchanga bila jua, vijidudu huzalisha ndani yake kemikali iitwayo histamini. Kupika hakuiondoi, wala kukausha baadaye. Mlaji huwashwa mdomo kama amekula pilipili, uso unamwiva, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, pengine na mabaka yanatoka. Inafanana sana na mzio. Tofauti ni kwamba sumu ile haichagui: mkila watano kutoka sufuria moja, wengi wenu mtaisikia. Kwenu mmekula wote, akaumwa mmoja, na mara zaidi ya moja. Tena mara ya mwisho hakuweka kitu mdomoni, ni mvuke tu wa kikaangoni. Hicho ndicho kinachonifanya niseme kwa uzito kwamba mwanao ana mzio wa samaki, au aleji kama wengi wanavyoita.

Mzio ni kinga ya mwili kumtambua rafiki kama adui. Ndani ya minofu ya samaki kuna protini inayoitwa pavalbumini. Mwili wa mwanao umeiwekea alama, ikiingia unapiga king'ora. Protini hiyo ni sugu kwa moto: uchemshe, ukaange, uoke, ubanike, bado inatambulika. Na samaki wengi wanafanana katika protini hiyo, kwa hiyo aliyedhurika na dagaa tunamzuia samaki wote hadi vipimo viseme vingine. Asije mtu akakwambia "dagaa ndio wabaya, mpe kuhe, ana mnofu mweupe safi". Minofu myeupe ndiyo mara nyingi yenye protini hiyo kwa wingi zaidi.

Nitakupa kisa kimoja, nacho ni cha kweli. Mwaka 1921 huko Ujerumani daktari Heinz Küstner alikuwa na mzio wa samaki aliyepikwa. Mwenzake, Carl Prausnitz, alichukua majimaji ya damu ya Küstner akajidunga mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo, na siku iliyofuata akadunga pale pale maji ya samaki. Pakavimba na kuwasha, ingawa Prausnitz samaki alikuwa anakula bila shida. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mzio unabebwa na kitu kilichomo ndani ya damu. Ilichukua hadi miaka ya 1960 kukipata kitu chenyewe, kingamwili iitwayo IgE, ambayo leo ndiyo tunayoipima. Nimekisimulia ili ukiulizwa na shangazi au jirani ujue cha kusema: mtoto hadeki, hajalogwa, wala hukumlea vibaya. Kitu kiko kwenye damu yake na kinapimika.

Sasa la mama mkwe. Nataka ulibebe kwa heshima, kwa sababu bibi huyu hasemi upuuzi. Kuna mahali ana haki, na nitafika hapo nikizungumzia mdogo wake. Lakini kwa mtoto ambaye tayari anavimba, kumpa kidogo kidogo nyumbani ni kucheza na roho yake. Neno la kitabibu la shambulio kali la mzio, anafilaksia, lilizaliwa katika kosa hilo hilo. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wanawadunga mbwa sumu ya viumbe vya baharini kidogo kidogo wakitaka wazoee. Mbwa aliyestahimili dozi ya kwanza alirudiwa na dozi ndogo baada ya wiki kadhaa, akafa ndani ya nusu saa. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Siku hizi yapo matibabu ya kumzoesha mtu chakula kinachomdhuru, zaidi kwa karanga, maziwa na mayai, lakini hufanywa na wataalamu, kwa vipimo vya miligramu, dawa ya kuokoa ikiwa mkononi. Jikoni hatufanyi.

Ukizungumza na bibi usianze na IgE. Sema hivi: "Mama, kwa mjukuu wako samaki ni mwiko." Neno hili atalielewa mara moja. Wazee wetu wana koo ambazo hazili mnyama fulani au samaki fulani, na hakuna anayemlazimisha mtu kuvunja mwiko wake kwa kijiko. Nimeona neno hilo likitua mahali ambapo maelezo yangu ya nusu saa yalikuwa yamegonga ukuta. Kisha mpe bibi kazi: yeye ndiye awe mlinzi wa sahani ya mjukuu. Anayepewa ulinzi hafanyi majaribio.

Halafu hospitali. Nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Kipimo cha ngozi au cha damu cha IgE ya samaki kikihitajika na hakipo hapo, watakuelekeza kinakopatikana. Usikubali kuuziwa vile vipimo vya vyakula mia kwa tone moja la damu vinavyopima IgG, kingamwili nyingine isiyo ile ya mzio. Vinaonyesha tu kile ambacho mtoto amewahi kula, na nimeona akina mama wakitoka navyo na orodha ya vyakula thelathini vya kuacha, mtoto akabaki na uji mtupu na kilo zikashuka.

Lililo kubwa zaidi kuliko kipimo ni kujua cha kufanya akishambuliwa. Mabaka machache, mdomo kuwasha, hapo dawa ya mzio ya kunywa aliyoandikiwa na daktari inatosha, huku ukimwangalia bila kumwacha. Lakini akianza kukohoa mfululizo, kifua kikapiga mluzi, sauti ikakauka, ulimi ukavimba, akatapika tena na tena huku ana mabaka, au akalegea na kupauka, hiyo ni dharura, na dawa yake ni moja: sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio kama piritoni havizuii kifo hapo, wala sindano za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, haziwahi. Kiwango ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 0.15, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 kama hajapata nafuu. Nakuandikia namba hizi si ili umdunge wewe. Muuguzi wa zamu akianza na piritoni, umwambie kwa adabu lakini bila kusita: "Mwanangu ana mzio wa samaki, kifua kimebana, naomba adrenalini kwanza."

Kwa hiyo fanya uchunguzi wiki hii, mtoto akiwa mzima. Pita zahanati au kituo cha afya kilicho karibu zaidi na nyumba, uulize kama wanayo adrenalini na kama yupo mtu usiku. Kama hawana, jua tangu sasa kwamba utapitiliza. Chukua namba za madereva wawili wa bajaji au bodaboda wanaolala jirani, siyo mmoja. Njiani mtoto alale na miguu iinuliwe, au akae ukimwegemeza kama pumzi inambana, na akitapika mlaze ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, shinikizo la damu linaweza kuanguka ghafla. Na hata akipata nafuu wakae naye saa kadhaa hospitalini, kwa sababu shambulio linaweza kurudi. Daktari aandike "MZIO WA SAMAKI" kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya kliniki. Sindano za adrenalini za mfano wa kalamu, ambazo mzazi hujifunza kumdunga mwanawe, uliza kama inawezekana kuzipata, lakini usizitegemee kuzikuta duka la dawa la mtaani.

Haya, turudi kwenye sinia, maana ndiyo hasa uliyoniulizia.

Umeniuliza umpikie chake peke yake. Ninakusihi usifanye hivyo kama desturi. Nimewaona watoto wa namna hiyo: kisahani chake pembeni, mkeka wake pembeni, wenzake wanacheka na kugombea ukoko, yeye anaambiwa "wewe usisogee". Baada ya muda mtoto anaacha kula vizuri, au anaanza kuiba vipande mahali ambapo hakuna anayemwona, na akivimba anaogopa kusema. Kijana wako ana miaka minne, umri ambao chakula ni kundi. Kwa hiyo tugeuze swali. Badala ya kuuliza mtoto ale wapi, tuulize samaki aliwe wapi na saa ngapi. Samaki ndiye ampishe mtoto.

Mlo wa jioni, ule ambao nyumba nzima mnakaa pamoja, uwe hauna samaki kabisa. Hapo sinia linabaki moja, mkono wake na wa baba yake vinakutana kwenye ugali ule ule, hakuna wa kuchungwa. Msifikiri mtaweka bakuli la migebuka pembeni kwa wanaotaka, huku ugali ni wa wote. Mkono uliochovya mchuzi wa samaki unarudi kwenye ugali kuvunja tonge jingine, na kwa mtoto kama huyu alama hiyo ya mchuzi inaweza kutosha. Samaki waliwe mchana, watu wazima na wakubwa zake, yeye akiwa chekechea au kwa jirani anayeaminika. Nyumba haijaacha samaki, imemwekea saa yake.

Najua utaniambia Ujiji bila dagaa jioni haiwezekani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nyumba nyingi zilijikuta zinapanga mboga bila samaki, kwa shida, ndiyo, lakini zilipanga. Kumbuka ulipika nini siku zile. Wewe mwenyewe una orodha kichwani kuliko niliyonayo mimi.

Kupika samaki kuna masharti yake. Kukaanga kufanyike nje, upande ambao upepo hauelekezi moshi mlangoni, mtoto akiwa hayupo kabisa. Kwake mvuke wa kikaango si harufu tu, una protini ndani yake. Tenga kikaango kimoja, mwiko mmoja na ubao mmoja viwe vya samaki peke yake, uvifunge kitambaa chekundu mpini ili hata msichana wa kazi mgeni ajue. Sufuria za bati au chuma hazina haja ya kununua mpya, zioshe kwa maji moto, sabuni na steli wulu. Vya mti ni tofauti: mwiko wa zamani na kinu vimenyonya. Kama kinu chako ndicho kinachotwanga dagaa wa unga na ndicho kinachotwanga sombe (kisamvu), afadhali kimoja kiazimwe au kinunuliwe. Mafuta yaliyokaanga dagaa yasikaange muhogo wake wala maandazi yake hata ukiyachuja. Hapo ndipo pia kwenye hatari ya chipsi na mihogo ya barabarani, karai moja linakaanga kila kitu, na muuzaji wala hana nia mbaya.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kula samaki, siyo maji ya kumiminiwa na birika tu, na mdomo usukutuliwe kabla ya kumbusu mtoto. Hili limwendee baba kwanza. Mwambie sijamnyooshea kidole kazi yake, dagaa ndio wanawalisha. Lakini akitoka Kibirizi avue nguo mlangoni, aoge, ndipo ambebe mwanawe. Na yale magunia yatoke ndani. Vumbi la dagaa wakavu huruka, na wafanyakazi wa viwanda vya samaki duniani wanajulikana kupata pumu kwa kuvuta vumbi na mvuke wa samaki. Mtoto mwenye mzio hafai kulala chumba kimoja na gunia. Kama hakuna stoo, akodi kona kwa mwenzake sokoni. Ni gharama, na kati ya gharama zote nilizokutajia hii ndiyo nisingeipunguza.

Kuna samaki anayejificha pia. Unga wa lishe: wengi wanachanganya dagaa humo kwa nia njema kabisa, na mashine inayosaga dagaa wa chakula cha kuku asubuhi ndiyo hiyo hiyo inayosaga unga wa uji mchana. Saga wako mwenyewe, uwe wa kwanza asubuhi, au utumie unga wa mahindi na ulezi uliosagwa mahali pasiposagwa samaki. Chupa za mafuta ya samaki wanazouziwa akina mama "aongeze akili", asipewe. Sombe ya kwenye sherehe, usiamini kwa macho, dagaa huwa wameshayeyukia humo. Na mayai ya kuku wanaolishwa dagaa? Naulizwa hili mara nyingi. Kwa kawaida yai halimdhuru mwenye mzio wa samaki, ale. Ila asitumwe kumwagia kuku chakula, vumbi lile ni dagaa.

Ukimwondolea dagaa, unamwondolea nini? Swali hili watu hulisahau, na mimi ndilo linaloninyima raha, kwa sababu dagaa ni chakula kikubwa. Analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anatoa kalisi (madini ya mifupa) pamoja na protini, chuma, zinki, vitamini A na B12. Ukiweka ugali na mchicha mahali pake, umeweka pengo.

Protini na B12: yai moja kwa siku, likiwezekana, na maziwa au mtindi kikombe. Vitamini B12 huipati kwenye maharage wala majani, lazima kitu cha mnyama. Kalisi itoke kwenye maziwa hayo na kwenye majani. Mchicha ni mzuri, ila una asidi inayoifunga kalisi yake isinyonywe vizuri, basi badilisha na majani ya kunde, kabichi au sukuma wiki. Sombe nayo ina nguvu sana, itwangwe na ichemke vizuri hadi ukali wake wa sumu uishe, na mahali pa dagaa weka karanga zilizosagwa. Kuhusu karanga, mayai na maziwa: hukusema kama anavila. Kama ameshavila bila tatizo, aendelee kuvila, usimwondolee kitu kingine chochote kwa woga. Mzio wa samaki ni wa samaki. Hata kamba na kaa wana protini nyingine kabisa, ingawa hapa kwetu hilo halikusumbui sana.

Chuma ni maharage, na mkoa wetu umebarikiwa, yanashuka kutoka Kasulu na Buhigwe. Yaloweke usiku, umwage maji, uyapike yalainike, na ale na kitu chenye vitamini C, kipande cha papai, embe, au ukamulie limau. Chai isiingie kwenye mlo huo, inazuia chuma, chai iwe saa nyingine. Nyama robo kilo ikikatwa vipande vidogo kwenye ndizi inatosha kuonja watu sita na bado inasaidia maharage ya siku hiyo kunyonywa. Maini mara moja kwa wiki, kipande, ni hazina.

Na mawese! Nikizungumza na watu wa mikoa mingine nawaonea huruma. Wekundu ule wa mawese ndio chanzo cha vitamini A. Lakini wengi tunayachoma kikaangoni hadi yanageuka meupe ili harufu itoke, na hapo tumechoma dawa yenyewe. Yapashe tu, unge maharage nayo, au kijiko kimoja kwenye uji wa mdogo wake. Mafuta safi, ya chupa yake, yasiyowahi kukaanga samaki.

Basi jioni moja inaweza kuwa ugali wa muhogo, maharage ya mawese na kisamvu cha karanga. Nyingine wali na mayai yaliyopikwa kwenye mchuzi wa nyanya, nyingine ndizi za nyama. Huu si mlo wa mgonjwa, hata wageni wanakaribishwa. Mpime uzito na urefu kila mwezi kliniki. Mstari wake kwenye kadi ukilala miezi miwili, niambie mapema.

Mdogo wake sasa, na hapa ndipo haki ya bibi ilipo. Usimnyime samaki. Zamani hata sisi wataalamu tuliwaambia akina mama wacheleweshe vyakula vya mzio, na tulikosea. Mwaka 2015 huko London utafiti wa watoto 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa, walioanza wakiwa na miezi 4 hadi 11, ulionyesha kwamba waliokula karanga mapema, kwa namna laini isiyowapalia, walipata mzio wa karanga kwa kiasi kidogo mno wakilinganishwa na walionyimwa hadi miaka mitano. Utafiti ule ulikuwa wa karanga, lakini ushauri wa kutochelewesha leo unahusu na vyakula vingine vya mzio, samaki akiwemo. Kwa hiyo kuzoea kupo, ila ni kwa mtoto ambaye mwili wake haujamwekea samaki alama. Kama huyu wa miezi saba ana ngozi ya ukurutu mkali, muone daktari kwanza. Kama ngozi ni safi, na ameshaanza uji na mboga, mpe mnofu uliopondwa vizuri usio na mwiba, ncha ya kijiko, asubuhi akiwa mzima, umwangalie kwa muda wa saa mbili. Fanya hivyo kaka yake akiwa chekechea, kisha umwoshe mikono na uso kwa sabuni, ubadilishe na bibu. Ziwa lako aendelee kunyonya, na wewe mwenyewe huna haja ya kuacha samaki.

Chekechea na madrasa, nenda mwenyewe ukaseme, usimtume dada yake. Mwalimu aelewe ni samaki, ni pamoja na uji wenye dagaa, na dalili zipi za kukupigia simu. Karatasi iandikwe, ibandikwe jikoni kwao. Mwanao naye ana umri wa kujifunza sentensi moja: "Siwezi, ina samaki." Mfundisheni kama mchezo jioni, bibi akijifanya jirani mwenye tonge. Ramadhani ikifika, futari za kualikana zitakutesa kidogo. Mpakulie yeye kwanza kabla mikono haijaingia kwenye sinia, au tangulia na bakuli lako la mihogo ya nazi, upeleke la kutosha watu wote.

Mzio wa samaki kwa wengi haupotei ukubwani kama unavyopotea mara nyingi ule wa maziwa na mayai. Nakwambia mapema ili msiishi mkisubiri siku ya kuujaribu. Daktari ndiye ataamua kama na lini apimwe tena.

Kesho asubuhi, kabla mume wako hajatoka, anzeni na magunia. Ukishatoka Maweni niandikie uzito wake na walichokuambia, na uniambie pia kama karanga anakula, tupange sombe yake vizuri. Msalimie sana mama mkwe.